Serotonini, panya wa maabara na mdogo wako dereva: jibu kwa mwalimu wa Masasi

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi, nafundisha biolojia. Mdogo wangu ni dereva wa lori. Msimu wa korosho husomba mizigo usiku kutoka maghala ya huku kwenda bandarini Mtwara, na alianza kutafuna mirungi ili asisinzie barabarani. Sasa nasikia kuna kitu cha unga ambacho madereva wanapeana, kinamfanya akeshe siku mbili mfululizo. Nimesoma kwamba panya waliozoeshwa kokeini walipopewa dawa inayogusa vipokezi vya serotonini waliacha kuitafuta. Muuzaji wa duka la dawa ameniambia fluoksetini inaongeza serotonini, na anayo. Je, nimnunulie? Na kama panya wamepona, kwa nini binadamu asipone?"

Jibu: Marahaba, mwalimu. Pole sana. Na jambo la kwanza: usimnunulie. Fluoksetini ni dawa ya sonona, na vidonge hivyo visitoke dukani kwenda mfukoni mwa mdogo wako kabla hajaonana na daktari. Sababu nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa umeuliza kisayansi na unastahili kujibiwa hivyo hivyo, na kwa kuwa habari uliyoisoma si uongo. Majaribio hayo yapo na yalifanywa kwa uangalifu mkubwa. Tatizo liko kwenye neno "wamepona". Hakuna panya aliyepona. Panya walibonyeza kibao mara chache zaidi, basi. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo nataka tuielewe vizuri.

Tuanze na serotonini yenyewe. Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page waliitenga mwaka 1948 huko Cleveland, Marekani, wakiwa wanatafuta kitu kilichomo kwenye damu kinachobana mishipa. Miaka michache baadaye Betty Twarog akaonyesha kwamba imo pia kwenye ubongo. Hata hivyo sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, takriban asilimia 90, iko kwenye utumbo, inasaidia chakula kusogea. Ile ya ubongoni hutengenezwa na vikundi vidogo vya seli katika shina la ubongo, na nyuzi za seli hizo zimetambaa karibu kila pembe ya ubongo. Kwa hiyo nakuomba uiweke kando ile habari ya "homoni ya furaha" inayozagaa kwenye simu zetu. Kemikali iliyoenea hivyo haiwezi kuwa na kazi moja.

Kazi yake inategemea inapotua. Kwa mamalia tunajua aina 14 za vipokezi vya serotonini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, zilizogawanywa katika koo saba, kuanzia 5-HT1 hadi 5-HT7 (5-HT ni kifupi cha jina la kikemia la serotonini). Wewe unatoka huko kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa hiyo utanielewa nikisema hivi: ngoma ya jando ikilia kijijini, mlio ni mmoja, lakini mama mmoja anakimbilia jikoni, ngariba anaandaa vifaa vyake, na mtoto ambaye zamu yake imefika anajificha nyuma ya nyumba. Serotonini ni mlio. Vipokezi ndio hao watu, kila mmoja na lake. Mtu anayekuambia "ongeza serotonini" anakuambia upige ngoma kwa nguvu zaidi, bila kukuambia nani ataisikia na atafanya nini.

Sasa vichangamshi, yaani dawa zinazomwamsha na kumchangamsha mtu, kama mirungi na kokeini. Neva ikishatoa kemikali yake, kuna visafirishaji vinavyoirudisha ndani ili ujumbe ukome. Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, ina kisafirishaji chake, serotonini chake, na noradrenalini, inayouamsha mwili, chake. Kokeini huviziba vyote vitatu. Amfetamini na methamfetamini hufanya zaidi ya kuziba: huingia ndani ya neva na kukigeuza kisafirishaji, kikaanza kumwaga kemikali nje badala ya kuirudisha. Kathinoni, ambayo ndiyo nguvu ya mirungi mibichi, ni ndugu wa karibu wa amfetamini na inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana watafunaji wanataka majani yaliyokatwa karibuni; yakikauka, kathinoni hugeuka kuwa kitu dhaifu zaidi.

Kwa muda mrefu tuliamini kwamba raha ya kokeini ni suala la dopamini peke yake. Kisha mwaka 1998 watafiti wakatumia vipanya, yaani wale panya wadogo wa maabara, waliozaliwa bila kisafirishaji cha dopamini. Kama nadharia ilikuwa sahihi, vipanya hao wasingekuwa na haja na kokeini, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuzibwa. Walijidunga vilevile. Waliozaliwa bila kisafirishaji cha serotonini nao waliendelea kupenda chumba walichopewa kokeini. Mwaka 2001 kundi la Ichiro Sora likatoa taarifa ya vipanya waliokosa vyote viwili, cha dopamini na cha serotonini, na hapo upendeleo wa kokeini ukapotea. Mimi naona hilo ni moja ya majaribio mazuri kabisa katika fani hii. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuiacha serotonini nje ya mazungumzo.

Nikueleze jaribio la kawaida linavyokwenda, maana ukiliona kwa karibu utajua lina uwezo gani na halina uwezo gani. Panya anafanyiwa upasuaji, anawekewa mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo, na mrija huo unatokea mgongoni. Akipona kidonda anawekwa kwenye kisanduku chenye vibao viwili ukutani. Akibonyeza kimoja, taa ndogo inawaka juu yake na pampu inasukuma tone la kokeini kwenye damu. Akibonyeza kingine, hakuna kinachotokea. Ndani ya siku kadhaa ameshajua kibao kipi ni kipi. Baada ya hapo mtafiti anaweza kupandisha bei: kubonyeza mara moja, kisha mara kadhaa, kisha makumi ya mara kwa dozi moja, mpaka panya akate tamaa. Pale anapokata tamaa ndipo tunapima hamu yake. Au mtafiti anafunga pampu. Panya anabonyeza, hapati kitu, siku baada ya siku, mpaka anaacha. Kisha siku moja ile taa ndogo inawashwa tena, au anadungwa dozi ndogo ya kuonjeshwa, na panya aliyekuwa ametulia anakirudia kibao kwa fujo, ingawa pampu bado imefungwa. Huo ndio mfano wetu wa kurudia dawa.

Kutumia na kurudia ni mambo mawili, mwalimu, na vipokezi vya serotonini vinayatofautisha.

Chukua ndugu wawili wa ukoo mmoja, 5-HT2A na 5-HT2C. Dawa inayoziba kipokezi cha 2A haimzuii sana panya kujidunga kokeini iliyopo mbele yake, lakini taa inapowashwa au anapoonjeshwa dozi ndogo, anarudi kwenye kibao kwa kiasi kidogo kuliko wenzake. Yaani inagusa kurudia, haigusi sana kutumia. 2C ni kinyume chake: hapo unatakiwa kukiamsha, usikizibe. Kikiamshwa, huzipa nguvu seli zinazozibana neva za dopamini, na panya anapunguza kutumia na anapunguza pia kurudia. Ukikiziba hicho cha 2C, kokeini inamchangamsha panya zaidi na anaitafuta zaidi. Sasa jiulize: kidonge kinachoongeza serotonini kila mahali kitaamsha kipi kati ya hivyo? Vyote viwili kwa pamoja, pamoja na vingine kumi na viwili. Mguu mmoja kwenye breki, mwingine kwenye mafuta.

Kipokezi cha 5-HT1B ndicho kilichotusumbua zaidi, na ndicho ninachokipenda zaidi. Mwaka 1998 Beatriz Rocha na wenzake walionyesha kwamba vipanya waliozaliwa bila kipokezi hicho hujituma zaidi kupata kokeini. Ungesema basi, 1B ni breki, tukiamshe. Lakini watafiti walipokiamsha kwa dawa kwenye panya wa kawaida wanaotumia kokeini kila siku, panya walizidi kuitaka. Miaka ikapita watu wakibishana. Baadaye kundi la Janet Neisewander huko Arizona likafanya jambo rahisi: likasubiri. Panya walinyimwa kokeini kwa wiki tatu, kisha wakapewa dawa ile ile ya kuamsha 1B. Safari hii hamu ilipungua. Dawa moja, kipokezi kimoja, mnyama yule yule. Kilichobadilika ni yuko hatua gani ya safari yake. Mwaka 2021 kundi la Christian Lüscher la Geneva lilisogea mbele zaidi. Walitumia vipanya ambao kisafirishaji chao cha serotonini hakishikwi na kokeini, kwa hiyo kokeini ilipandisha dopamini bila kupandisha serotonini. Wengi zaidi kati yao waliendelea kubonyeza kibao hata walipokuwa wakipigwa shoti ndogo ya umeme mguuni, ilhali vipanya wengi wa kawaida waliacha. Serotonini, kupitia 1B, ilikuwa inapunguza nguvu ya mawasiliano kati ya sehemu ya mbele ya ubongo na ile inayojenga mazoea. Kumbe kokeini inakuja na breki yake ndani yake, ndogo, na haitoshi kwa kila mtu.

Hapa ndipo mirungi na ule unga wa mdogo wako vinapoingia. Kathinoni, amfetamini na methamfetamini humwaga dopamini nyingi kuliko serotonini. Kuna majaribio ya nyani aina ya resasi waliopewa jamaa mbalimbali wa amfetamini wenye uwezo unaokaribiana wa kumwaga dopamini. Ile iliyomwaga serotonini nyingi zaidi ndiyo waliyojidunga kwa uchache zaidi. Ukiniuliza kwa nini mtu anatoka kwenye majani na kuhamia kwenye unga, sehemu ya jibu iko hapo: dopamini juu, breki chini, na kuuvuta au kuudunga unga kunaufikisha ubongoni kwa sekunde, wakati majani yanatafunwa kwa saa nzima.

Naongeza habari moja nje ya panya kwa sababu sisi ni watu wa pwani. Mwaka 2018 Gül Dölen na Eric Edsinger walimlowesha pweza katika maji yenye MDMA, jamaa mwingine wa amfetamini ambaye humwaga serotonini kwa wingi. Anayevua pweza Songosongo au Mikindani anajua tabia ya mnyama huyu: kila mmoja na pango lake, mwenzake akisogea ni ugomvi. Pweza waliokuwa na dawa walikaa muda mrefu upande wa tangi uliokuwa na pweza mwenzao ndani ya kizuizi, na wengine walikikumbatia kizuizi hicho kwa mikono yao. Sisi na pweza tuliachana kinasaba zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ubongo wake haufanani na wetu hata kidogo, lakini kisafirishaji chake cha serotonini kina sehemu ile ile inayoshikwa na dawa. Kwa hiyo wanaodai kwamba wanyama hawana la kutufundisha kuhusu dawa hizi wamekosea. Wanatufundisha mengi. Hawatuandikii cheti cha dawa.

Mfano upo. Dawa iitwayo lokaserini, ya kuamsha kipokezi cha 2C, iliruhusiwa Marekani mwaka 2012 kwa ajili ya kupunguza unene. Kwa kuwa ilikuwa tayari inauzwa, watafiti wa uraibu waliijaribu haraka. Ilipunguza kujidunga kokeini kwa panya na kwa nyani. Kwa binadamu wanaotumia kokeini haikuleta matokeo yaliyotarajiwa, na mwaka 2020 iliondolewa sokoni kwa wasiwasi wa saratani. Fluoksetini nayo ilipunguza matumizi ya kokeini katika baadhi ya majaribio ya panya, na majaribio ya binadamu yalipokusanywa na kupimwa kwa pamoja, dawa za sonona hazikuonekana kutibu uraibu wa kokeini. Mpaka leo ninapokuandikia hakuna kidonge kilichoidhinishwa duniani kwa ajili ya uraibu wa vichangamshi. Hata methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011 na imeokoa vijana wengi, ni ya wale wa heroini. Mtu akikuambia atampa methadoni mdogo wako kwa ajili ya mirungi, ondoka hapo.

Kwa nini panya wakubali na binadamu agome? Sababu moja naiona kubwa kuliko nyingine. Katika majaribio mengi panya anadungwa dawa na mtafiti dakika chache kabla ya kuingizwa kisandukuni, anapimwa saa moja au mbili, anarudishwa kizimbani. Hakuna anayemwuliza kama atameza kidonge kesho. Hana deni, hana tajiri anayempigia simu saa nane usiku kuuliza mzigo umefika wapi. Zaidi ya hapo, panya wenyewe hawafanani. Mwaka 2004 Véronique Deroche-Gamonet na wenzake, huko Ufaransa, waliwapa panya kokeini kwa muda wa miezi, kisha wakawapima kwa vigezo vitatu: kutoacha hata dawa isipopatikana, kujituma kupita kiasi, na kuendelea hata kwa maumivu. Asilimia 17 tu walikuwa na vyote vitatu. Wote walikuwa wametumia. Wachache walikuwa wametekwa. Wastani wa kundi zima, ambao ndio unaosomwa kwenye vichwa vya habari, unawaficha hao wachache, na mdogo wako huenda ni mmoja wao au huenda siye. Hilo litajulikana kwa kumpima, si kwa kubahatisha.

Sasa hatari yenyewe ya vidonge. Fluoksetini ni dawa nzuri mikononi mwa anayeijua, na kama daktari atamkuta mdogo wako ana sonona anaweza kumwandikia na nisingepinga. Lakini inapokutana na kichangamshi kinachomwaga serotonini, au na tramadoli, ambayo madereva wengi huimeza kwa maumivu ya mgongo, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi: mwili unatetemeka, misuli inakakamaa, joto linapanda, moyo unakwenda mbio, mtu anachanganyikiwa. Hali hiyo huua. Isitoshe, fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, ambacho ni mojawapo ya vinavyoivunja methamfetamini, kwa hiyo dozi ile ile inaweza kukaa mwilini kwa nguvu zaidi. Na wewe hujui unga ule una nini. Hata yeye hajui.

Kuna majaribio mawili ya panya ambayo ningependa uyachukue badala ya lile la vidonge. La kwanza ni la Jeffrey Grimm na wenzake, 2001: panya walioachishwa kokeini walipimwa hamu yao kwa nyakati tofauti, na walipoonyeshwa taa yao ya zamani, hamu ilikuwa kubwa zaidi baada ya wiki nyingi kuliko siku za mwanzo. Inakua kimyakimya. Kwa mdogo wako maana yake ni hii: minada ya korosho ikiisha akirudi nyumbani, akalala, akala, akanenepa, familia itasema ameshaacha. Kisha Oktoba inafika, anapanda lori lile lile, anafika njia panda ya Mnazi Mmoja usiku, wale wale wanaokaa pale wanamsalimia, na hiyo ndiyo taa. Msimu wa kuwa naye karibu ni huo, na mnapaswa kuanza kujipanga miezi kabla.

La pili ni la Marco Venniro na Yavin Shaham, 2018. Panya waliozoea kujidunga methamfetamini walipewa chaguo: kibao cha dawa, au kibao kinachofungua mlango wa chumba cha panya mwenzao. Karibu wote walichagua mwenzao, hata wale walioonekana kuwa na uraibu mkali, ilimradi mwenzao awepo papo hapo. Mwenzao alipocheleweshwa, walirudi kwenye dawa. Hakuna aliyechezea kipokezi chochote hapo. Kwa binadamu, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa vichangamshi inafanana na hiyo: mtu anapimwa mkojo mara kwa mara, na kila akikutwa safi anapewa zawadi ndogo siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi, pamoja na ushauri nasaha.

Basi fanya hivi, mwalimu. Mpeleke kliniki ya afya ya akili. Hospitali ya Ndanda ni jirani yenu, na kama mnaweza kufika mbali zaidi, hospitali ya Ligula hapa Mtwara au Sokoine kule Lindi. Najua anaogopa kwa kuwa mirungi ni marufuku kwa sheria zetu. Mwambie anakwenda kwa daktari kama mgonjwa, na wewe utakaa naye mlangoni. Aseme kila kitu anachotumia, pamoja na tramadoli na dawa za nguvu za kiume, hata kama ni aibu kuyasema mbele ya kaka au dada yake. Katika hilo mpishe aingie peke yake. Zungumza na tajiri wake kuhusu safari za mchana au utingo wa kupokezana naye usukani, mwenye leseni. Ndani ya nyumba mkubaliane zawadi, kitu anachokitaka kweli, ipatikane siku anayotimiza ahadi yake. Asiachwe peke yake siku za kwanza za kuacha. Atalala sana, atakula sana, atakuwa na huzuni nzito, na akitaja kujidhuru usingoje asubuhi. Vivyo hivyo akipata maumivu ya kifua, joto kali la mwili, degedege, au akianza kusikia sauti na kudai anafuatwa, ni hospitali wakati huo huo.

Na ule unga, kama umebaki hata kidogo, usiutie mikononi mwako kuupeleka popote kupimwa. Mkojo wake utatosha.